Wiki mbili kabla ya ICU, bibi alikuwa anafanya nini?

"Shikamooni wazee," daktari alisema huku akivuta mlango wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, nyuma yake, kisha akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyejiandaa nalo.

Tulikuwa watatu kwenye korido, hapa Kigoma mjini: mjomba, mama mdogo na mimi. Ndani, bibi alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, barakoa ya oksijeni usoni, presha imeshuka. Tulikuja na kadi yake ya kliniki, dawa zake za presha kwenye mfuko, na kadi ya bima. Daktari alivipokea vyote kwa adabu, akaviweka juu ya faili.

"Tukirudi nyuma wiki mbili, kabla homa haijamwanza, mama alikuwa anafanya nini mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Chooni anakwenda mwenyewe? Alikuwa anatoka nje ya nyumba?"

Mjomba ndiye mkubwa, akajibu. "Mama yangu ana nguvu, daktari. Juzi juzi tu alikuwa anatwanga."

Mama mdogo akageuza uso. "Kaka, mama hajashika mchi tangu masika ya mwaka jana. Siku hizi ni mtu wa kukaa tu."

Daktari akasubiri, akanitazama mimi. Mimi naishi Mwanga, bibi yuko Ujiji. Nilichoweza kusema kwa uhakika ni jinsi ninavyomkuta nikienda kumsalimu: amekaa barazani, kajifunga khanga safi, anacheka. Nikasema hivyo hivyo. Akaandika kitu, akatushukuru, akarudi ndani.

Bibi alitoka ICU akiwa hai. Nalisema mapema ili usisome kwa wasiwasi.

Lakini lile swali halikutoka na bibi. Limekaa nami kwa wiki nyingi sasa. Watoto wawili aliowazaa na mjukuu anayempenda walisimama pale, na hakuna aliyejua kama mama yao anakwenda chooni peke yake.

Aliyejua alikuwa nyumbani

Jioni ile nilikwenda Ujiji kuchukua nguo za bibi. Binti wa mama mdogo, yuko darasa la sita, ndiye anayelala chumba kimoja naye. Hospitali hatukwenda naye kwa sababu watoto hawaruhusiwi kuingia. Nikamuuliza maswali yale yale ya daktari, naye akajibu kama anayetaja majirani zake.

"Usiku akitaka kwenda chooni ananiamsha, namshika mkono mpaka mlangoni, ndani anaingia mwenyewe. Kuoga anaoga mwenyewe, ila maji namwekea mimi, ndoo ikijaa haiwezi. Nguo anavaa mwenyewe. Kusali anasali kwenye kiti."

Tangu lini kwenye kiti?

"Tangu baada ya Idi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa bado anasujudu chini, ila kuinuka ndiyo nilikuwa namsaidia."

Kisha akaniongoza uani. Ukuta ule umepakwa chokaa, na kutoka mlango wa chumba cha bibi hadi choo kuna mstari wa weusi, upana wa kiganja, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Ni mafuta na jasho la mkono. Mahali ukuta unapokatika, penye kamba ya nguo, mstari unakatika pia, halafu unaanza tena kwenye nguzo ya choo, mweusi zaidi, kwa sababu hapo ndipo anaposhika kwa nguvu kabla ya kupanda kizingiti.

Nimepita uani pale tangu utotoni. Mstari ule haukuwepo, na haukutokea kwa usiku mmoja.

Kwa nini daktari anauliza

Vyumba vya wagonjwa mahututi kama tunavyovijua vilianzia Copenhagen mwaka 1952, wakati polio ilipolipuka pale. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliona wagonjwa wanakufa kwa sababu misuli ya kupumua imepooza, akashauri wapitishiwe mrija kooni na kupuliziwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walikaa vitandani kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mfuko wa hewa. Vifo vikapungua sana. Wagonjwa wengi walikuwa watoto na vijana, watu ambao wiki mbili kabla walikuwa wanakimbia. Hapakuwa na haja ya kuuliza walikuwa wanajiweza kiasi gani.

Miaka ilivyokwenda, waliojaa kwenye vyumba hivyo wakawa wazee, na swali likaja lenyewe. Mwaka 1981 William Knaus na wenzake, Washington, walitoa kipimo cha ukali wa ugonjwa wa mgonjwa mahututi, APACHE. Toleo lile la kwanza lilikuwa na herufi, kutoka A hadi D, ya kueleza hali ya mgonjwa kabla hajalazwa. Toleo la pili, la 1985, ndilo lililoenea duniani, na humo vilibaki vipimo 12 vya mwili, umri, na magonjwa sugu mazito. Maisha ya kila siku ya mgonjwa yakatoka kwenye hesabu.

Kwa upande mwingine walikuwepo madaktari wa wazee, ambao hawakuacha kuyahesabu. Sidney Katz, Cleveland, alichapisha mwaka 1963 orodha ya mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kujizuia haja, na kula. Kuna kitu alichokiona ambacho nimekirudia mara nyingi kichwani. Wagonjwa wake, wengi wao wazee waliovunjika nyonga, walipopata nafuu walirudishiwa uwezo kwa mpangilio: kwanza kula na kujizuia, kisha kuinuka na kwenda chooni, mwisho kuvaa na kuoga. Akaona unafanana na jinsi mtoto anavyokua.

Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake, Halifax, Kanada, wakatoa ngazi ya udhaifu wa mwili ambayo leo ina hatua tisa. Hatua ya kwanza ni mtu mwenye nguvu zake. Ya tano ni anayehitaji msaada kwenye mambo kama fedha, usafiri na kazi nzito za nyumbani. Ya sita anaanza kuhitaji msaada wa kuoga. Ya saba anategemea watu kwa kila kitu cha mwili wake. Tena ngazi hiyo inataka hali ya mtu wiki mbili kabla ya kuugua, kwa sababu anayeonekana kitandani na homa ya mapafu ni dhaifu hata kama jana alikuwa analima.

Ndilo swali la daktari wetu, neno kwa neno.

Hesabu zinasemaje

Huko Alberta, Kanada, watafiti waliwafuatilia watu 421 wenye miaka 50 na zaidi waliolazwa ICU katika hospitali sita. Theluthi moja hivi walikuwa tayari dhaifu kabla ya kuugua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kati ya waliokuwa dhaifu, asilimia 32 walifia hospitalini, kati ya wengine, asilimia 16. Mwaka ulipotimia, walikuwa wamekufa asilimia 48 upande mmoja na asilimia 25 upande wa pili.

Ulaya walifanya kubwa zaidi, wakachapisha mwaka 2017: wagonjwa zaidi ya 5,000, wote wenye miaka 80 au zaidi, katika ICU 311 za nchi 21. Hao wote ni wazee, kwa hiyo umri peke yake hauwezi kuwatenganisha sana walionusurika na waliokufa. Udhaifu wa kabla ya ugonjwa uliwatenganisha, hata baada ya kuhesabu umri na ukali wa ugonjwa wenyewe.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Walikuwa na wazee 754 wa New Haven, wenye miaka 70 na kuendelea, ambao walikuwa wakiulizwa kila mwezi, kwa miaka, kama bado wanafanya hiki na kile. Walioingia ICU kati yao, hali yao ya kabla ilikuwa imeandikwa tayari, mwezi kwa mwezi, bila kutegemea kumbukumbu ya ndugu kwenye korido. Ripoti ya mwaka 2015 ikaonyesha kwamba waliokuwa wakijiweza kabla walikuwa na nafasi kubwa ya kuishi na kurudi kwenye maisha yao, na waliokuwa wameanza kuporomoka waliporomoka zaidi au walikufa mapema. Zaidi ya nusu ya wote walishuka au walikufa.

Najua linaloulizwa hapa. Je, wanyonge wanakufa kwa sababu ya unyonge, au kwa sababu madaktari wakishaona unyonge wanapunguza juhudi? Yote mawili yamo ndani ya namba hizo, na hakuna anayeweza kuyachambua kabisa. Mgonjwa aliyehesabiwa dhaifu mara nyingi ndiye ambaye mashine haikuwashwa, au ilizimwa mapema. Ukimwonyesha mtu asilimia hizo bila kumwambia hili, hujamtendea haki.

Lakini mwili nao una hesabu yake. Watafiti wa London walipima paja la wagonjwa mahututi kwa altrasaundi na kuchapisha mwaka 2013: ndani ya siku kumi za kulala, msuli mkubwa wa mbele ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Siku kumi tu. Mwenye miguu ya kupanda mwinuko kutoka ziwani hadi barabarani akipoteza kiasi hicho, bado ataweza kusimama. Aliyekuwa anashika ukuta, kitu cha kupoteza hana. Ni kama mvuvi wa dagaa aliyeingia ziwani usiku bila petroli ya kurudia: dhoruba ile ile, mwenzake anafika mwaloni Kibirizi, yeye hafiki.

Tunavyowalea wazee wetu

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha usingizi.

Maswali ya Rockwood na Katz yalitungwa kwa watu ambao mzee akiacha kupika, ni kwa sababu hawezi kupika. Anaishi peke yake au na mwenzake, anaendesha gari, analipa bili zake. Siku akishindwa, kila mtu anaona.

Kwetu mzee haachiwi ndoo. Mkwe akimwona mama mkwe wake anabeba maji, anakimbia kumpokea, na asipokimbia mtaa mzima utasema. Bibi yangu hakuacha kwenda sokoni Mwanga kwa sababu ya magoti, aliacha kwa sababu watoto walimwambia, "Mama, umetulea, sasa pumzika." Chakula kinaletwa mbele yake. Maji ya kunawa yanaletwa. Viatu vinaletwa mlangoni. Hayo ni mapenzi na ni adabu, na sitaki yaondoke.

Ila ndani ya adabu hiyo mtu anaweza kuporomoka kwa miaka miwili na asionekane.

Na kinyume chake pia. Yupo mzee anayehudumiwa kwa kila kitu, ndugu wakiulizwa watasema hafanyi lolote, daktari akaandika hatua ya sita, kumbe siku wajukuu wakienda shule anajiwashia jiko, anajipikia uji, anapalilia mchicha wake nyuma ya nyumba na kurudi kukaa barazani kabla hawajarudi. Hana udhaifu huyo. Ana heshima tu. Jibu la "mama yetu ni wa kukaa tu" linaweza kumshushia thamani mtu mwenye nguvu zake.

Mjomba alipozungumzia kutwanga hakudanganya. Alimtaja mama aliye naye moyoni. Na kuna jambo lingine aliloniambia baadaye, tukiwa wawili: "Ungekubali mimi, mwanaume, nisimame mbele ya kijana yule nianze kueleza mama yangu anakwendaje haja?" Nilimwelewa. Mila inamkataza kujua, na hospitali inamtaka ajue.

Kwa hiyo nimeanza kufikiria maswali ambayo yangetoa jibu la kweli huku kwetu. Kusali, kwa mfano. Muulize ndugu kama mzee anasujudu chini au kwenye kiti, na tangu lini. Karibu kila mtu Ujiji atajua, na hakuna atakayeona aibu kujibu. Au uulize kama akikaa mkekani anainuka mwenyewe, anashika kitu, au anainuliwa. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kinapima mapaja kuliko kipimo chochote. Uliza kama alihudhuria msiba wa mwisho wa jirani, na kama alikwenda kwa miguu au kwa bajaji. Misibani wazee wetu hawakosi, hivyo aliyeanza kukosa ana sababu.

Na uulize yupi analala naye.

Hofu yangu

Nitakuwa mkweli: pale koridoni, baada ya daktari kuondoka, mama mdogo alininong'oneza, "Nimeharibu? Nimesema hajiwezi, hawatamtoa kitandani?" Mimi nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Hofu hiyo ina msingi. Machi 2020, korona ilipoanza kujaza hospitali za Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza ngazi ya Rockwood itumike kusaidia kuamua nani apelekwe ICU. Familia za watu wenye ulemavu zikapiga kelele, kwa sababu mtu mwenye usonji au mtindio wa ubongo, kijana na mwenye afya, angeweza kuhesabiwa dhaifu kwa vile tu anasaidiwa kuvaa. Ndani ya siku chache mwongozo ukarekebishwa: usitumike kwa walio chini ya miaka 65 wala kwa wenye ulemavu wa kudumu. Mimi nikamfikiria fundi viatu wetu pale stendi, polio ilimpooza miguu utotoni, yuko kwenye baiskeli ya magurudumu matatu tangu nimjue, na mikono yake ingemwinua daktari. Umuulize mtu kama anatembea, atakuambia hatembei. Umejua nini kuhusu mapafu yake?

Na huku vitanda ni vichache kuliko huko. Utafiti mkubwa wa Afrika, uliochapishwa mwaka 2025 na kugusa wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22, ulikuta kwamba mmoja kati ya wanane ni mahututi, na kwamba kati ya mahututi hao karibu asilimia 69 wako kwenye wodi za kawaida. Zaidi ya nusu yao walikosa huduma za msingi kabisa za kuokoa maisha, kama oksijeni na dripu. Mbele ya hali hiyo, kubishania hatua ya nne au ya tano kunaweza kuonekana anasa. Wengi wanakufa kabla swali halijafika.

Msimamo wangu ni huu: swali hili lisitumike kumnyima mtu oksijeni. Oksijeni, dripu, dawa ya vijidudu, kulazwa ubavu ili asipaliwe, ni haki ya kila mgonjwa, wa hatua ya kwanza na wa hatua ya nane.

Alivyonieleza nesi

Kilichonigeuza ni mazungumzo mafupi na nesi mmoja mtu mzima, siku bibi alipohamishiwa wodini. Nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini wanauliza mambo ya chooni wakati mtu anapigania pumzi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sipewi kuchagua nani alazwe. Mimi nauliza ili nijue namrudisha wapi. Kama bibi yako alikuwa anainuka mwenyewe, kesho namkalisha kitandani, keshokutwa namshusha miguu, nikimwona mvivu namgombeza. Kama alikuwa hainuki tangu mwaka jana, nikimlazimisha namvunja. Na kama siambiwi ukweli, namwacha alale, ndiyo salama kwangu. Akilala wiki, ameisha."

Hilo sikuwa nimelisoma popote kwa uzito huo. Jibu la uongo, hata la kumsifu mama, linaweza kumlaza.

Nilimweleza alichosema binti: mkono hadi mlangoni, ndani peke yake. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa bibi, akamwambia, "Bibi, leo tunakwenda mpaka mlangoni." Alimshika upande wa kushoto, na kulia akamwelekeza ukutani.

Bibi alifika nusu ya njia.

Daftari

Sasa yuko nyumbani Ujiji. Hajarudi alipokuwa. Usiku hatoki, amewekewa ndoo chumbani, na kuoga anasaidiwa mgongo na miguu. Kula anakula mwenyewe, na kufunga khanga ameanza tena wiki hii. Katz angejua yuko wapi kwenye ule mpangilio wake. Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi hesabu za Alberta wala hakizipingi.

Nimenunua daftari dogo la kukaa pamoja na kadi yake ya kliniki. Kila mwanzo wa mwezi binti anaandika mistari michache: kuinuka, choo, kuoga, kuvaa, kula, kusali, alikotoka kwenda. Akiulizwa na daktari mwingine siku nyingine, atakayekuwa koridoni atafungua ukurasa badala ya kubabaika.

Mjomba hakupendezwa. Jumapili alilifungua, akafika mstari wa choo, akataka ufutwe, kwa sababu daftari litashikwa na watu wasiotuhusu. Mama mdogo akakataa. Wakabishana mpaka bibi akauliza kinachogombewa ni nini, akasomewa. Akasema uachwe, ila iandikwe na tarehe ya siku ile, kwa sababu mwezi ujao ana nia ya kwenda mwenyewe.